Resian Hana Kadi

Sehemu ya Tisa

Wiki nzima mmenisumbua. Mama mmoja wa Nkoroi alinishika mkono sokoni akakataa kuniachia. "Huyo msichana amefungwa ama hajafungwa?" Nikamwambia anunue gazeti. Haya, mmenunua. Kaeni.

Tulimwacha Resian kortini Kajiado, amesimama kizimbani, midomo imemkauka. Hakimu alikuwa amempa dakika tano amtaje mtu aliyemwambia kwamba ng'ombe wenye kimeta, wale waliotakiwa kuzikwa, walipitishwa kwenye kichinjio cha Koinet na kuishia katika mabucha ya Kitengela. Akitaja, anarudi nyumbani kukamua. Akikataa, anaenda jela kwa kuidharau mahakama.

Wewe na mimi tunajua ni nani. Ni Naipanoi, mama mzazi wa Koinet mwenyewe, aliyemnong'oneza Resian nyuma ya kanisa na kumwapisha asimtaje maishani. Koinet hajui. Ndiye aliyemshtaki Resian kwa kashfa alipoitangaza habari hiyo, na ndiye aliyemleta mamake kortini, akamketisha kando yake benchi ya mbele na shanga zake zote, ili hakimu aone kwamba ametoka kwa watu wa heshima.

Dakika ya nne ilikuwa inakwisha mlango ulipofunguka. Akaingia Mbaluka.

Resian nusura apige makofi. Mbaluka alikuwa mwandishi wa gazeti la *Sauti ya Nyanda*, mwenye kadi ya uandishi inayoning'inia shingoni, na kwa miezi minane alikuwa akinywa chai ya Resian kule Noonkopir bila kuona haya kuongeza kikombe. Alimwita "mwenzangu". Kama kuna mtu wa kumwambia hakimu kwamba mwandishi halazimishwi kutaja chanzo chake, basi ni huyu.

"Nimekuja," Mbaluka akanong'ona alipompita, akamkonyeza.

Alimpita Resian. Akampita Nyaguthii, wakili wa Resian. Akaenda kusimama kando ya wakili wa Koinet.

"Mheshimiwa," akasema wakili wa Koinet akiinuka, "huyu ni shahidi wetu."

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee. Hawakusema kwamba huongezewa sukari.

Resian akateremka, Mbaluka akapanda kizimbani, akaapa, akanyoosha tai.

"Bwana Mbaluka, tusaidie," wakili akaanza. "Mwandishi wa habari ni nani?"

"Ni mtu aliye na kadi." Akaiinua yake, akaigeuza huku na huku ili hata waliokaa nyuma waione. "Aliye na mhariri. Aliye na ofisi."

"Huyu Resian ako na kadi?"

"Hana."

"Ako na mhariri?"

"Labda ng'ombe wake."

Watu wakacheka. Mbaluka akapata moto.

"Mheshimiwa, huyu mama anatangaza akikamua! Ukisikiliza hizo sauti zake za WhatsApp, unasikia maziwa ikiingia kwa kibuyu. Hata anakohoa. Sisi tulisomea hii kazi."

"Kwa hivyo ule ulinzi wa chanzo cha habari, ambao waandishi wanapewa, unamhusu?"

"Haumhusu hata kidogo. Ukimpa huyu leo, kesho kinyozi atakuja kuuomba."

Korti nzima ikaangua kicheko. Hata binamu zake Resian, waliokunywa uji wake asubuhi hiyo hiyo, walicheka. Resian alihisi uso ukimwaka. Kilichomuuma zaidi ni kwamba Mbaluka hakusema uongo.

Ni kweli alitangaza akikamua. Kila alfajiri aliifunga simu begani kwa shuka, akaongea na grupu yake ya watu karibu elfu moja. Mvua imenyesha Illasit. Nyasi zimeota karibu na Kimana. Ndama wa fulani amepotea, mwenye kumwona apige simu. Grupu aliiita Lomon, yaani habari, kwa sababu ndiyo desturi aliyolelewa nayo: Wamaasai wawili wakikutana njiani hawapitani hivi hivi. Wanasimama, wanapeana habari zote tangu walikolala hadi walipofika, na anayeficha habari huonekana mtu mbaya kuliko anayeficha chakula. Bibi yake alifanya hivyo, na babu yake pia, na hakuna aliyewahi kuwauliza kadi.

"Sina swali lingine," akasema wakili wa Koinet, akaketi akijipangusa kijasho cha furaha.

Nyaguthii akainuka. Ulikuwa mwaka wake wa kwanza wa kazi, na viatu vyake vilikuwa na vumbi la stendi. Mkononi alikuwa na gazeti kuukuu.

"Bwana Mbaluka, hii stori ya nyama ya kimeta ni yako?"

"Ni yangu. Jina langu liko hapo juu."

"Ilitoka siku gani?"

"Jumatano."

"Na Resian alitangaza habari hiyo hiyo siku gani?"

"Sikumbuki."

"Jumatatu. Hebu tusomee hapa nilipochora mstari."

Mbaluka akakohoa, akasoma kwa sauti ya redioni. "'Uchunguzi wa kina wa mwandishi huyu umebaini kwamba miongoni mwa ng'ombe hao alikuwemo mmoja mwekundu, mkorofi sana, aliyempiga mtu teke mara mbili.'"

"Huyo mwekundu ulimwona?"

"Nilimchunguza."

"Kwa macho?"

"Kupitia chanzo changu."

"Chanzo chako ni nani?"

Hapo Mbaluka akajinyoosha, akaweka mkono juu ya kadi. "Mheshimiwa, mimi ni mwandishi wa habari. Siwezi kutaja chanzo changu hata nikiwekewa bunduki kichwani. Sheria inanilinda."

Koinet akapiga makofi mawili. Wakili wake akamtazama, makofi yakaisha.

"Sawa kabisa," Nyaguthii akasema. "Mheshimiwa, naomba korti isikie sauti ya Resian ya Jumatatu."

Simu ikawekwa juu ya meza ya karani. Sauti ya Resian ikajaza chumba, na nyuma yake, kweli, maziwa yakichirizika.

"...walipitishwa na lango la nyuma. Mweusi mwenye tumbo nyeupe. Yule wa madoa. Yule wa pembe moja..."

Hakutaja idadi. Kwao ng'ombe hahesabiwi kwa mdomo, anatajwa kwa rangi yake, na kila mfugaji katika grupu ile alikuwa akiwaona mmoja mmoja.

"...na wewe mwekundu, wacha teke! Aii! Umenipiga tena? Simama! Simama nimalize!"

Maziwa yakaendelea kuchirizika.

Mzee mmoja huko nyuma akaanza kucheka taratibu, jirani yake akamfuata, na mara korti nzima ikawa inashika mbavu. Askari wa mlangoni aligeukia ukuta. Mbaluka alikuwa amemchukua ng'ombe wa maziwa wa Resian, mzima wa afya, akamchinja gazetini pamoja na wagonjwa.

Hakimu akavua miwani. "Huyo mwekundu yuko wapi sasa hivi?"

"Yuko nyumbani, Mheshimiwa," Resian akajibu kutoka alipoketi. "Hata leo amenipiga."

"Bwana Mbaluka, hicho chanzo unachokilinda, kimo humu ndani?"

"Siwezi kukitaja, Mheshimiwa."

"Kimeketi pale?"

"Sina la kusema."

"Kinakutazama, Bwana Mbaluka."

Mbaluka akatazama dari.

Sasa, msomaji wangu, hebu angalia mambo yalivyokaa. Aliyeileta habari alikuwa ananyemelewa na jela. Aliyeiiba, na ng'ombe wa watu ndani yake, alikuwa analindwa na sheria. Na alichokuwa akikilinda kwa ujasiri wote ule kilikuwa ni huyo huyo aliyekuja kumwangamiza.

Lakini wakili wa Koinet hakuwa mjinga. Alingoja kicheko kitulie.

"Mheshimiwa, tumecheka, ni sawa. Lakini wizi wa Mbaluka haumfanyi Resian kuwa mwandishi. Porojo ikiibiwa inabaki porojo."

Hakimu akaitikia kwa kichwa.

"Hapo una neno," hakimu akasema. "Resian, panda tena hapa."

Akapanda.

"Mimi sitakuuliza kadi. Katiba inampa kila mtu uhuru wa kusema. Lakini anayetaka kulindwa kama mwandishi, lazima awe amefanya kazi ya mwandishi. Ulipoambiwa habari hii, ulifanya nini?"

Ulikuwa mtego, ingawa hakimu hakuutega kwa ubaya. Neno moja juu ya kanisa, neno moja juu ya Jumapili, na Koinet angekumbuka mamake alikuwa wapi na alikuwa amesimama na nani. Resian alitazama vidole vyake. Benchi ya mbele hakuitazama.

"Nilienda kumuuliza mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Koinet."

Koinet akasimama. "Muongo!"

"Keti," hakimu akasema. "Endelea."

"Nilimkuta kwa lango lake. Nikamuuliza wale ng'ombe wako wapi. Akaniambia amewazika, huko nyuma ya kichinjio. Akaniambia vizuri tu, hata akanituma salamu nyumbani."

"Ukarudi?"

"Hapana. Nikazunguka nyuma."

"Ukaona nini?"

"Nyasi, Mheshimiwa."

"Nyasi."

"Nyasi ya zamani. Kondoo wake walikuwa wanaikula. Shimo ya ng'ombe mmoja tu ni kubwa, na udongo haukai siku mbili ukaota. Hakukuwa na mahali jembe limegusa. Nikapiga picha."

Nyaguthii akapeleka picha mbele. Kondoo walikuwa wametulia humo, wamenona, na nyasi zimewafika magotini.

Hakimu akaitazama kwa muda. "Na kama ungekuta shimo?"

Resian akashangaa kuulizwa jambo rahisi hivyo. "Ningesema kuna shimo."

Hakimu akainama akaandika. Aliandika muda mrefu hata watu wakaanza kukohoa. Mama Naipanoi alikuwa amekaa wima, mikono juu ya fimbo yake, na Koinet alikuwa akimnong'oneza kitu cha kumtuliza. Mama wa watu alikuwa na wasiwasi, lakini si ule alioudhani mwanawe.

"Aliyeambiwa jambo," hakimu akasoma, "akamwendea anayetuhumiwa akamuuliza, akaenda akaona kwa macho yake, akawa tayari kusema atakachokiona hata kikimvunja moyo, huyo amefanya kazi ya uandishi, awe ameifanya ofisini au zizini. Mahakama haitamlazimisha kutaja chanzo chake. Kesi ya kashfa itaendelea mwezi ujao." Akafunga faili, kisha akakumbuka kitu. "Bwana Mbaluka, kadi yako inaisha lini?"

Mbaluka akaigeuza, akaisoma, akaisoma tena.

"Iliisha Desemba, Mheshimiwa."

Nje, jua la Kajiado lilikuwa kali na watu walikuwa wamejaa uani. Wanawake wa Noonkopir walimzunguka Resian wakiimba. Binamu zake waliocheka walikuwa sasa mstari wa mbele wakimshika mabega. Resian alicheka na kulia kwa pamoja, na hakujali nani anamwona. Alikuwa anaenda nyumbani.

Mama Naipanoi akapita karibu.

"Takwenya, koko," Resian akamwamkia bibi yule kwa adabu, akiinamisha kichwa.

"Iko," mama akaitikia, akapita. Mtu yeyote angedhani hawajuani.

Ndipo kelele ikazuka kwenye ua wa michongoma.

Koinet alikuwa amemkunja Mzee Dahir shati. Dahir, mzee wa ndevu za hina, alikuwa na duka la dawa za mifugo mkabala na lango la kichinjio, na siku hiyo alikuwa amekuja Kajiado kwa sababu moja tu, kumshikia Resian mkoba wake.

"Ni wewe!" Koinet alikuwa akifoka. "Miaka saba umekaa mbele ya lango langu, unaangalia kila kwato inayoingia!"

"Wallahi, Koinet, mimi nauza dawa ya kupe."

"Hiyo duka ni ya nani? Si ni nyumba yangu? Kesho asubuhi sitaki kuona hata chupa!"

"Mke wangu Fardosa na watoto wataenda wapi?"

"Waende kwa Lomon! Wapewe nyumba na WhatsApp!"

Dahir hakupigana. Aligeuza shingo, shati likiwa bado limekunjwa, akamtafuta Resian kwa macho.

"Resian, mwanangu. Mwambie tu si mimi. Usimtaje mtu. Sema tu si Dahir."

Resian akapiga hatua. Maneno yalikuwa mdomoni tayari.

"Ehe, sema," Koinet akasema, na sasa alikuwa akitabasamu. "Sema si Dahir. Halafu nitakuuliza kama ni mchinjaji wangu. Halafu dereva. Halafu watu wa nyumbani kwangu, mmoja mmoja. Nitakuangalia tu uso. Ukinyamaza kwa jina moja, nitajua."

Resian akasimama pale pale.

Mahakama ilikuwa imempa haki ya kunyamaza. Haikumwambia afanye nini kunyamaza kwake kunapomvunjia mtu nyumba. Akisema si Dahir, amefungua mlango ambao mwisho wake ni Naipanoi. Akifunga mdomo, Fardosa atalala nje na watoto kwa kosa la mumewe kumshikia mtu mkoba. Alimtazama Nyaguthii. Wakili wake, aliyekuwa na majibu yote nusu saa iliyopita, alitikisa kichwa polepole. Jambo hili hakulisoma chuoni.

"Nahesabu," Koinet akasema. "Moja."

"Mwache."

Sauti ilitoka nyuma yake. Mama Naipanoi alikuwa ameshuka kwenye gari la mwanawe, anakuja na fimbo yake, na watu walikuwa wakimpisha.

"Yeyo, rudi kwa gari. Kuna jua," Koinet akamwambia mamake.

"Mwache mzee wa watu, Koinet."

"Huyu ndiye alituuza, Yeyo!"

"Ni mimi."

Simu zikatoka mifukoni. Vijana, wamama, dereva wa hakimu, askari wa mlangoni, kila mtu akainua yake. Mbaluka alitoa daftari, akaona limechelewa, naye akatoa simu. Uani pale palikuwa na waandishi hamsini, na hakuna hata mmoja mwenye kadi iliyo hai.

Koinet akacheka, lakini kicheko hakikumfika machoni. "Yeyo, jua limekupiga."

"Jua halijanipiga. Ni mimi nilimwambia huyu msichana, na alikuwa tayari kufungwa kwa ajili yangu, na wewe mwanangu nimekaa kando yako tangu asubuhi nikikuangalia." Alipumua. Akaikita fimbo chini. "Umemuuliza Resian. Umemuuliza Dahir. Utamuuliza dereva. Mimi mama yako hujaniuliza kitu."

"Nikuulize nini?"

Mwaka mmoja ulikuwa umepita tangu mzee wa boma lile, babake Koinet, azikwe. Presha, Koinet mwenyewe ndiye aliyetangaza kaburini, na watu wakaamini. Tangu siku hiyo mama hakuwa amelitamka jina la mumewe, maana marehemu hatajwi, na hata sasa hakulitamka.

"Niulize aliyekuzaa alikula nini siku mbili kabla hajafa," akasema. "Niulize nyama ilitoka wapi."

Vidole vya Koinet vikaliachia shati la Dahir, kimoja baada ya kingine.

Resian alisimama katikati ya simu zote zile, mikono mitupu. Siku ile nyuma ya kanisa aliambiwa juu ya ng'ombe tu, akadhani ameambiwa yote.

Habari hii hakuwa nayo.